Pikipiki Iliponyamaza

Wiki iliyopita nilifanya ujinga, na ninauandika mwenyewe kabla mke wangu hajautangaza mtaa mzima. Pikipiki yangu ilikuwa imeanza kelele. Si kelele za kutisha, ni ile kata-kata-kata ya chini ya tangi, kama mtu anayetafuta kijiko kwenye droo. Mwenye akili angeipeleka kwa fundi. Mimi, ambaye safari yangu kubwa ni kumpeleka binti yangu shule na kurudi kukaa kibarazani hapa Lipangalala, Ifakara mjini, nikaona kwa fundi ni mbali. Nikaingia duka la vipuri lililo karibu, nikamwambia kijana wa dukani kwamba kelele zinanikera. Akanitolea kopo la oili nzito, ile ya giaboksi ya trekta. "Hii braza, ukimimina tu, inanyamaza." Nikamimina. Ikanyamaza.

Ungeniona nilivyofurahi! Niliiwasha uani, nikavuta kiti, nikakaa kuisikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya. Iliguna taratibu kama paka aliyeshiba. Halafu, nikiwa bado nimekenua meno, nikainuka kitini. Kimya kile nilikijua. Nilikuwa nimewahi kukisikia utotoni, bondeni, na sikukisikia tena mpaka siku hiyo nilipojiletea mwenyewe kwa mikono yangu.

Enzi zile mpunga ukianza kubeba, nusu ya mji ilihamia bondeni. Watu walifunga nyumba zao, wakabeba masufuria, vyandarua na kuku, wakaenda kuishi kwenye vibanda vya nyasi hadi mavuno. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuamia ndege. Unapanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti kilichosimama katikati ya shamba, ukiwa na debe bovu na kigongo. Kwelea kwelea wakishuka, unapiga debe na kupayuka mpaka koo linakauka. Wenzangu walikimbia juu ya matuta wakirusha mabonge ya udongo kwa kombeo. Mimi niliamia nimelala chali. Bibi alikuwa akinitazama kutoka jikoni, anatikisa kichwa: "Huyu akikua atakuwa kizingiti. Watu watatoka na kuingia, yeye yupo tu." Kama unavyoona, bibi hakukosea.

Lakini chakula cha kule, ndugu yangu! Asubuhi tulikula pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, unatafuna huku unatembea. Mchana wali mpya, ambao harufu yake inakufikia shambani kabla hujaitwa, na kambale wa moshi aliyeungwa kwa ngogwe, zile nyanya chungu. Jioni bibi aliwasha mavi makavu ya ng'ombe kufukuza mbu, ingawa mbu wa bonde lile hawafukuzwi, wanaombwa. Tuliwasikia wakianza jua likiinama, na bibi alituhesabu mmoja mmoja tukiingia chandaruani, mkono wake ukigusa kila paji la uso. Wa mwisho kuguswa alikuwa binti wa baba mdogo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na ambaye alikubali kulala pale tu alipopewa kidole cha bibi akishike.

Mavi ya ng'ombe tuliyapata kwa jirani, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na mifugo yake kwenye mwinuko ng'ambo ya shamba letu. Yeye na bibi walikuwa na kesi isiyokwisha, kwa sababu ng'ombe wake waliwahi kuingia kwenye mpunga wetu. Hata hivyo kila asubuhi bibi alinituma kwake maziwa, naye kila asubuhi alizidisha kipimo bila kusema neno. Walisalimiana kwa mbali, kila mmoja na kinyongo chake chenye adabu.

Sasa, pikipiki. Upande wetu ule wa bonde ilikuwa moja tu, ya baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba yangu. Ndiyo iliyoleta unga, chumvi na mafuta ya taa kutoka Ifakara, na ndiyo iliyompeleka hospitali yeyote aliyezidiwa. Kule ni tambarare. Sauti inasafiri mpaka inachoka yenyewe. Kwa vile nilikuwa nimelala chali sina kazi, masikio yangu yakawa hodari kuliko ya wote. Niliweza kusema yuko kwenye mikuyu, sasa anavuka daraja la magogo, sasa amebeba mzigo, sasa amekasirika. Bibi aliweka maji ya ugali jikoni kwa kunisikiliza mimi.

Baba mdogo alikuwa na rafiki mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ikibadilishwa oili, ile chafu iliyotolewa alipewa yeye. Oili ambayo watu wengine walipaka nguzo za nyumba ili mchwa wasile, yeye aliinywesha pikipiki. Fundi wa mjini alimwonya kwamba kila injini ina oili yake, asome namba kwenye kopo. Alirudi akicheka. "Oili ni oili. Ng'ombe anachagua maji?"

Haikupita muda injini ikaanza kulia. Mwanzoni ni kata-kata ndogo, halafu ikawa kama kokoto ndani ya sufuria. Tulimsikia akiwa bado mbali kabisa, na kwelea kwelea waliruka wenyewe bila debe. Ukafuata utani. Wanawake waliokuwa wakivuna walimwita: "Shemeji, simama basi utukobolee huu!" Vijana wa mfugaji walikuwa wakimpigia miluzi. Sisi watoto tukawa tunakimbia nyuma yake na ungo, tunajifanya tunapokea pumba. Alicheka pamoja nasi, lakini masikio yalimwiva kwa aibu. Ni mtu aliyependa kusifiwa, na kijiji cha vibanda hakina huruma kwa mtu wa namna hiyo.

Siku moja nilikuwa juu ya dungu nikashtuka nikimwona amesimama chini yangu, ameegemea pikipiki, anatabasamu. Sikuwa nimesikia chochote. Rafiki yake wa mashine alikuwa amempa oili nyingine, nzito kama asali, ya kwenye giaboksi ya trekta. "Umeona, bwana masikio?" akaniambia. "Leo nimekupata." Watu walikuja kuitazama. Aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena. Wale wale waliomcheka wakasema huyu kumbe fundi.

Bibi peke yake hakusogea. Alikuwa anapepeta mchele, akasema bila kuinua uso: "Mtu aliyekuwa anakohoa akinyamaza ghafla, msimshangilie. Mguseni kwanza."

Mimi niligusa, tena kwa shavu la mguu. Alinipakia siku hiyo hiyo kwenda kuchota maji, na injini ilikuwa ya moto mpaka nikaning'iniza mguu hewani kama kuku anayelala. Kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua pole pole. Kwenye kijilima kidogo aliongeza mafuta, injini ikazidi kuguna, lakini matairi hayakwenda kasi. Nilimwambia inanuka. Akasema oili ni mpya ndiyo maana, itazoea. Tukarudi kimya kimya, na tangu siku ile bonde likawa la ajabu kwangu. Nilikuwa nikitega sikio, sisikii kitu, na mara anatokea. Ugali ulianza kuchelewa.

Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha na maji yameanza kurudi mtoni, yakiacha matope na madimbwi kila mahali. Asubuhi moja tukiamka, mkono wa bibi ulipofika kwenye paji la uso la yule binti wa baba mdogo, haukuondoka. Walimkanda kwa maji ya uvuguvugu. Alikataa uji, akakataa hata kidole. Jua lilipopanda, akaanza kukakamaa, macho yakageukia juu. Mama mdogo alipiga ukelele mmoja tu. Kila mtu pale alijua degedege, na kila mtu alijua kwamba dawa yake iko mjini.

Baba mdogo alikuwepo. Alipiga kiki, injini ikaitika kwa upole wake ule. Bibi alipanda nyuma, mtoto amefungwa kifuani kwa kanga, mguu mmoja wa bibi bado na matope ya shamba. Wakaondoka. Mama mdogo aliwakimbilia mpaka mwisho wa tuta akabaki amesimama pale, mikono kichwani.

Mimi nilipanda dungu. Kwa mara ya kwanza sikulala chali. Nilisimama, nikashika mti, nikazuia hata pumzi. Nikiwa najua wanapopita niliweza kukipata kile kiguno chembamba. Daraja la magogo. Matope ya kwanza. Kisha nikasikia sauti inapanda, kama mtu anayevutwa nywele, ikafuata kelele fupi ya chuma juu ya chuma, na baada yake, hakuna kitu. Ndege wakashuka kwenye mpunga, wengi, na hakuna aliyepiga debe.

Mama mdogo aliniita kutoka chini. "Unawasikia? Wamefika wapi?"

Nikasema siwasikii.

"Basi wameshafika mbali," akasema. "Ndiyo maana huwasikii." Nilijua kwamba hawajafika hata mikuyu. Lakini alikuwa amesema kwa namna ya kuniomba nikubali, nami nikakubali.

Mengine tuliyajua baadaye. Injini ilikuwa imenoki, imekwama kabisa. Gurudumu la nyuma lilikaza likawatupa kwenye matope. Baba mdogo alipiga kiki mpaka goti likavimba. Alifungua plagi, akaipuliza, akaifuta kwa shati, akaomba, akatukana, akapiga kiki tena. Bibi hakumsubiri. Alijifunga kanga upya akaanza kutembea na mtoto kifuani, kwenye maji ya magotini. Jirani yetu mfugaji aliwaona kutoka kwenye mwinuko wake. Alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akawakatia njia, akampakia bibi bila salamu. Aliwachapa ng'ombe kadiri ng'ombe anavyoweza kuchapwa, lakini ng'ombe ana mwendo wake.

Mkokoteni haukufika mjini. Tuliuona mchana ule ule ukirudi, pole pole, bibi amekaa wima kabisa, na jirani akitembea kando ya ng'ombe badala ya kupanda. Mama mdogo alipoona kwamba jirani anatembea, alikaa chini.

Baba mdogo hakuichukua tena pikipiki. Iliachwa pale pale kwenye tope, na oili ile nzito ikavuja polepole chini yake, doa jeusi ambalo nyasi hazikuota juu yake msimu mzima. Yeye alihamia Mkula, anauza ndizi barabarani, na akija kutusalimia huja kwa basi, anakaa kiti cha nyuma kabisa, mbali na injini.

Vibanda vile siku hizi huvioni. Madungu yameoza. Bibi ametangulia. Wafugaji wengi walihama na mifugo yao, na vijana wa bodaboda hapa mjini wanatoboa ekzosi makusudi ili zilie, zote sauti moja, huwezi kujua nani anakuja wala kama ni mzima. Masikio yangu hayana kazi tena. Nikiwa nimekaa kibarazani mara nyingine hukumbuka harufu ya wali mpya ikija juu ya mpunga, na vile tulivyokuwa tukiitana kwenye matuta jioni, na huwa natamani, Mungu anisamehe, kurudi hata kwa siku moja.

Yule mfugaji ameshazeeka. Aliuza ng'ombe akaja kuishi kwa binti yake, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa hiyo ni jirani yangu kwa mara ya pili. Jioni ile ya kopo la oili alikuja na fimbo yake, nikamwamkia, akaitikia, nikampa kiti. Kwa woga wangu nikaanza kumwaga maneno: karibu, nikuletee maji ya kunywa, unakumbuka pepeta, unakumbuka kambale wa bibi, maisha yalikuwa matamu, mzee. Pikipiki ilikuwa bado inaguna. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akainama, akaweka kiganja juu ya injini, akakitoa upesi, akakitazama. Kisha akatazama begi la shule la binti yangu lililoning'inia kwenye usukani.

"Wewe unakumbuka wali na kambale kwa sababu ulikuwa mtoto," akasema. "Kaburi nilichimba mimi. Mwaga hiyo oili sasa hivi, nikikuona, halafu ndiyo uniletee hayo maji."