Darsa Lililotoka Kwenye Sufuria

Mniwie radhi kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea. Niliishia shule ya msingi, na kalamu yangu hutembea kama ngamia mwenye mimba. Lakini lazima niandike, maana moyo bado unanidunda.

Darsa letu la Kurani la wanawake hapa Griftu lilikuwa karibu kufa. Mwalimu wetu alihamia Mandera kwa mumewe, tukabaki watu wa mkeka mmoja: shangazi yangu, ninayemwita eeddo, majirani wachache, na mimi ninayesoma kwa sauti ya kujisikia mwenyewe.

"Mambo yakibaki hivi, tutakunja mkeka," eeddo alisema.

Kisha mnara wa simu ukasimamishwa karibu na soko la mifugo. Mwalimu akaanza kutufundisha kwa mtandao. Simu ya eeddo ina sauti ndogo, kwa hiyo tuliiweka ndani ya sufuria tupu, ikavuma ua mzima. Zamu yangu ikifika, niliinamia sufuria nikasoma, mwalimu akanisahihisha. Wanawake wengine wakajiunga wakiwa kwao: muuza maziwa, wake wa wachungaji, hata mama mmoja wa Liboi. Kila wiki salamu mpya!

Mimi nilifurahi, eeddo akanuna. "Hao ni wa kidole tu. Wanabonyeza, wanalala. Mkeka wangu unakaliwa na kuku."

"Wallahi, abaayo, dada yangu, kuku wako watahifadhi sura kabla yetu," jirani akamtania.

Alasiri moja mtandao ukakatika katikati ya somo. Sufuria ikanyamaza. Tulizima simu, tukaiwasha. Kimya. Eeddo akashika ncha ya mkeka aukunje.

Mara lango likagongwa. Muuza maziwa alisimama pale na mitungi yake. "Mbona mmekatiza? Tulikuwa katikati ya aya!"

Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, simu mkononi, watoto mgongoni. Waliokuwa wakisikiliza majumbani walikuja kuuliza, na walipofika wakaketi. Tukaazima mikeka kwa majirani. Ua ukajaa!

"Haya, mwalimu hasikiki. Nani atatusomea?" muuza maziwa akauliza.

Eeddo akanitazama. Nikavuta ushungi usoni. "Eeddo, siwezi."

"Kila siku unaisomea sufuria. Leo jifanye sisi ni sufuria."

Wakacheka, nami nikacheka, na kicheko kikanifungua koo. Nikaanza pale mwalimu alipokatikia. Wakanifuata aya kwa aya, mpaka mbuzi wakageuza vichwa.

Mtandao uliporudi, hakuna aliyeinuka. "Kelele gani hizo?" mwalimu akauliza kutoka Mandera.

Eeddo alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Ni darsa lako, mwalimu. Limetoka kwenye sufuria!"

Bado wanakuja, ila eeddo anahofia shauku itapoa. Je, huko kwenu simu imeleta watu kwenye mkeka, au imewakalisha nyumbani? Niandikieni, hata kwa mwandiko kama wangu. Majibu yenu nitamsomea eeddo mbele ya wote, kwa sauti.