Mtu Aliyekalia Moto Wangu

Sikulala. Naanza na neno hilo kwa sababu najua hapa Kalemie umesikia lingine. Umeambiwa kwamba mlinzi wa mawimbi alisinzia juu ya mwamba na watu wakafa. Mlinzi huyo ni mimi. Nilikuwa macho kama nilivyo macho sasa, na niliyoyaona niliyaona jua likiwaka. Usiponiamini, basi, lakini soma mpaka mwisho kwanza, ndipo unicheke.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, miaka ya hamsini, mji bado unaitwa Albertville. Nilikuwa kijana, sijaoa, shule nimeiacha mapema. Wavuvi wa ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walikuwa wanatoka na mitumbwi jua likianza kushuka, ili giza liwakute kwenye maji na mioto yao ya kuvutia samaki. Sasa, dhoruba ya Tanganyika inaweza kuja mbingu ikiwa safi kabisa. Kwa hiyo mtu mmoja aliwekwa juu ya mwamba kusini mwa mji, kazi yake kuangalia mawimbi tu. Akiona wimbi nene linafika bila upepo, anajua kuna upepo unapiga mbali, upande wa milima ya Marungu. Linalofuata likichelewa, dhoruba bado iko mbali, labda itakufa hukohuko. Yakianza kufuatana karibu karibu, inakua na inakuja. Hapo anatia majani mabichi kwenye moto, moshi unapanda, mitumbwi inarudi.

Aliyefanya kazi ile miaka mingi ni Papa Kabwe. Alikufa ghafla, amekaa palepale juu, siku ambayo ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Na desturi yetu ni hii: mlinzi akifa, wenye mitumbwi waliomweka kazini wanapanda pamoja na mjane wake, wanamwita kwa jina, wanamwambia kazi yako imekwisha, Papa, pumzika. Kabla ya hapo hakuna mtumbwi unaoingia majini.

Wenye mitumbwi walikuwa wawili na nitawataja, hata wajukuu wao wakasirike. Papa Ramazani na Papa Kizito. Mwezi ulikuwa umeingia gizani, ndakala walikuwa wengi, na wale wawili hawakutaka kupoteza hata usiku mmoja kwa ajili ya maiti. Mama Veronika, mjane, aliwafuata mpaka ufukweni, kitambaa cha kilio kichwani.

“Papa Ramazani, mumuambie kwanza. Yeye hajui.”

“Hajui nini, Mama? Hajui kama amekufa?” Ramazani akacheka mpaka tumbo likatikisika.

Papa Kizito, aliyekuwa anafundisha katekisimu Jumapili, akasema kuongea na wafu ni ushenzi. Ushenzi! Mtu aliyefunga hirizi chini ya mtumbwi wake, na sisi sote tuliiona!

Wakanichukua mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu macho yangu yalikuwa mazuri na sikuwa na baba wa kunikataza.

Siku yangu ya kwanza wavuvi walipita chini ya mwamba wakinitania. “Mulinzi mupya! Usisinzie, bibi zetu watakupiga na mwiko!” Yaya wangu Petro, yaani kaka yangu mkubwa aliyenilea tangu mama afe, alikuwa kwenye mtumbwi wa mbele. Yeye hakutania. Alisimama akapaza sauti:

“Weye, ukiona kitu, toa moshi. Usione haya. Afazali turudi bure.”

“Ndiyo, yaya!”

Hilo njo neno la mwisho nililomwambia.

Mitumbwi haijafika mbali, wimbi la kwanza likaja. Nene, pole pole, hakuna hata upepo wa kutikisa jani. Nikangoja. La pili likachelewa. Nikasema moyoni, labda ni bure. La tatu halikuchelewa, na la nne lilipanda mgongoni mwa la tatu. Nikapiga magoti, nikatia majani mabichi, nikapuliza. Moshi ukapanda kimo cha mtu, halafu ukakatika. Ukakatika kabisa, kama umefunikwa na gunia lenye maji. Nikainua kichwa.

Mtu alikuwa ameukalia moto wangu.

Amekaa kama unavyokaa kwenye kigoda, uso ziwani, amevaa lile koti la kaki tulilomzika nalo, halina hata alama ya kuungua. Wewe ungekimbia? Mimi ningekimbia wapi, na yaya yuko kwenye maji?

“Papa Kabwe,” nikasema, “ondoka kwenye moto. Mawimbi yanakuja.”

Hakugeuka. “Mawimbi gani, mutoto? Ziwa limetulia.”

Wakati anasema hivyo, wimbi lilipasuka chini yetu, maji yakaniloweka uso na kifua. Koti lake lilibaki kavu. Ndipo nikaelewa, na naomba unielewe na wewe: alikuwa anaangalia ziwa la siku aliyokufa. Siku ile haijamwishia. Kwake ilikuwa shwari na ingebaki shwari.

“Papa, ulikufa. Tulikuzika.”

“Nani alikuweka hapa?”

“Papa Ramazani.”

“Ramazani njo aliniweka na miye. Akuje aniambie. Mutu haachi kazi kwa neno la mutoto.”

Alisema bila hasira, kwa upole wa mtu anayejua wajibu wake, na upole ule ulinitisha kuliko kelele. Nikamshika bega nimvute. Baridi iliyoingia mkononi mwangu sina maneno yake. Nikakimbia nikawasha moto mwingine pembeni. Moshi wake ukajipinda, ukaenda kwake, ukaingia kwenye koti na kupotea. Nikavua shati nikapunga, nikapiga kelele mpaka koo likaniuma. Nani angeniona? Mitumbwi ilikuwa imekwisha kwenda mbali, midogo kama mbegu.

Basi nikashuka mbio mpaka kwa Ramazani. Yeye na Kizito walikuwa barazani wanacheza karata.

“Umeacha mwamba?” akaniuliza.

“Papa Kabwe amekalia moto. Panda umuambie, Papa. Neno moja tu, nakuomba. Yaya yuko huko!”

“Huyu amekunywa lutuku,” Kizito akasema. “Nusa mdomo wake.”

Lakini Ramazani safari hii hakucheka. Aliangalia mwamba, pale pasipokuwa na moshi, na uso wake ukabadilika. Nakuapia, alijua. Aliweka karata chini. Mimi nikadhani anasimama. Akaziokota tena.

“Rudi kazini,” akasema.

Nilikuwa bado njiani upepo ulipofika. Jua lilikuwa halijazama na tayari ziwa limekuwa jeusi. Mitumbwi michache ilijitupa mdomoni mwa mto Lukuga ikapona. Wa yaya tuliuokota kesho yake, umepinduka. Yeye hatukumpata, hata nguo yake.

Kwenye biro, ofisi ya Mzungu, Ramazani na Kizito walisema nililala, kisha nikatoroka. Kikaandikwa walichosema wao. Wajane walinitemea mate, na siwalaumu. Waliambiwa uongo na watu wenye heshima.

Sasa sikia. Kabla ya kilio kwisha, alfajiri, wale wawili walimfuata Mama Veronika nyumbani, wakampandisha mwambani wakimshika mkono. Yeye mwenyewe aliniambia. Ramazani aliita jina la Kabwe huku analia, akamwambia apumzike. Baada ya hapo moshi ulipanda kama kawaida. Kama nililala, walienda kumwambia nani? Swali hilo niliuliza hata kwenye kilio cha Ramazani, alipokufa naye, mbele ya watu, wakanitoa nje kwa kunisukuma. Mpaka leo hakuna aliyenijibu.

Mkono nilioshika nao bega lile hausikii moto tena. Natoa sufuria kwenye mafiga bila kitambaa, watoto wa jirani wanashangilia wakidhani ni mchezo.

Wewe unayesoma, siku moja utapewa kazi ya marehemu. Watakusifu, watakuharakisha. Uliza kwanza nani alikwenda kumwambia. Wakianza kuangaliana, kataa, na uwaambie matajiri wakakae pale wenyewe, na kwenye mtumbwi wa mbele wamweke mtoto wao, si ndugu yako.