Maji Bado

Mikindani nzima inajua kwamba Kassimu anaogopa maji, na Mikindani nzima imemcheka kwa hilo. Mtu amezaliwa hatua ishirini kutoka ufukweni, baba mvuvi, babu mvuvi, halafu akipita kando ya ghuba anatembea upande wa ndani wa barabara! Wenzake walimbandika jina la Kassimu wa Nchi Kavu. Naye alicheka nao. Alijifunza udereva, akaendesha malori ya korosho miaka kumi na minne, na kila aliyemuuliza kwa nini hakurithi nyavu za baba yake alijibiwa kwamba bahari haina breki.

Chanzo cha hofu hiyo watu walikijua nusu. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikwenda na kaka yake Ayubu kwenye fungu la mchanga nje ya ghuba, kuokota kombe wakati maji yamekupwa. Ayubu alichimbua huku ameinama. Kassimu kazi yake ilikuwa moja tu, kuangalia maji. Mara tatu Ayubu aliuliza bila kuinua kichwa, "Maji yamegeuka?" na mara tatu Kassimu, aliyekuwa akichezea kaa, alijibu, "Bado." Watu wa ngalawa walimuokoa Kassimu. Ayubu alipatikana kesho yake. Nyumbani Kassimu alisema maji yalikuja ghafla, wazee wakasema ni kudra, hitima ikasomwa. Lile neno "bado" hakumwambia mtu. Hakumwambia mama yake mpaka anamzika, wala Halima, mkewe wa miaka ishirini na miwili.

Ndiyo maana, pamoja na woga wake wote, hakuna aliyemzidi kwa kuhesabu maji. Hesabu ya pwani ni ya mwezi. Siku ya kumi na tano, mwezi ukiwa mpevu, maji hukupwa kabisa saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Kassimu alikuwa nayo kichwani kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake. Hakupitisha gurudumu kwenye mchanga wa pwani kabla hajahesabu mara mbili, akamaliza, akahesabu ya tatu ya kujiridhisha.

Sasa, Felista, mfanyabiashara wa mtaa wa Chikongola, alikuwa na lori dogo alilolitia vitanda viwili, jiko, friji na ngazi ya kupandia paani, akawa analikodisha kwa watu wanaopenda kutembea na kulala porini. Kassimu dereva, Halima mpishi. Mwezi wa tano walipata mgeni mmoja, Raheli, mwanamke wa Singida anayefanya kazi yake yote kwenye kompyuta, popote alipo. Alikuja na kisahani cha setilaiti, cheupe, bapa, ukubwa wa sinia, kinachovuta mtandao kutoka angani hata pale ambapo simu za kawaida zimesalimu amri. Kassimu alikipenda kisahani kile kama mtoto. Yeye ndiye aliyekipandisha paani, yeye ndiye aliyekifuta vumbi, na simu yake ilikuwa ya kwanza kuingizwa neno la siri. Ya Halima ilikuwa ya kitochi, haikuhusika.

Kisahani kilikuwa na sharti moja tu. Kinataka uwazi. Tawi moja likikikingia mbingu, sauti zinakatika na watu wa kikaoni wanaganda midomo wazi.

Jambo jingine la kujua ni kwamba nyumba ya Kassimu ina miezi miwili. Halima anafuata mwezi unaoonekana hapa kwa macho, kama baba yake. Kassimu anafuata mwezi ukitangazwa popote duniani, kama msikiti wake. Sheria za ibada tuwaachie wenyewe, hawajawahi kugombana. Mwaka huu Halima alimpikia mumewe pilau ya Idi yeye mwenyewe akiwa bado amefunga, hakuonja hata chumvi. Idi ilipita, mwezi mwingine ukaandama, na ile tofauti ya siku moja ikabaki ndani ya nyumba, haimsumbui mtu.

Walikuwa wamepita kijiji cha Mahurunga, wakalala chini ya mivinje karibu na mdomo wa Ruvuma. Asubuhi, Kassimu alipokaribia gari, simu yake ikadaka mtandao na ujumbe wa kundi la Wasapu la msikiti ukaingia, dua na tarehe: mwezi kumi na saba, Mfunguo Pili, mwezi wa pili tangu Ramadhani iishe.

"Kumi na saba," alijisemea. "Yatakupwa saa sita kasoro dakika ishirini."

Halima alikuwa anakaanga mihogo. "Leo kumi na sita, Baba Safina."

"Kwenu," alisema Kassimu, wakacheka wote wawili.

Raheli alikuwa na kikao saa sita na nusu. Si kikao cha salamu, ni cha kueleza kazi ya miezi minane mbele ya wakubwa wa nchi tatu. Chini ya mivinje mtandao ulikatikakatika, akakaribia kulia. Mbele yao, ng'ambo ya mkondo uliokuwa umebaki unyevunyevu tu, kulikuwa na fungu pana la mchanga mgumu, halina hata jani. Kassimu alilitazama. Akahesabu. Kwa hesabu yake mkondo ule ungejaa saa nane na dakika kumi. Kikao kingekwisha saa nane kasorobo. Akahesabu tena.

"Nikuangalizie maji kwenye mtandao, Kaka Kassimu?" aliuliza Raheli.

"Dada yangu, wewe ni mtu wa Singida," alisema Kassimu. "Maji niachie mimi. Mpaka unamaliza kikao, maji bado."

Neno lilimtoka lenyewe. Alilisikia, likamkera, lakini gari lilikuwa limeshawashwa.

Waliliegesha katikati ya fungu. Kisahani kikashika mbingu yote, picha zikatulia. Raheli akafunga madirisha kwa ajili ya upepo, akashusha mapazia jua lisimuumize macho, akavaa hedifoni, akafungua kikao kwenye simu. Kassimu na Halima wakachukua madumu, wakavuka kwa miguu kwenda kuswali adhuhuri na kuteka maji matamu kwenye kisima kilichoko nyuma ya vilima vya mchanga, mwendo wa robo saa. Ngozi ya kifundo cha mguu wa Kassimu ilikuwa kavu alipotoka mkondoni. Aliiangalia kwa makusudi.

Saa saba na dakika ishirini walipanda kilima cha mwisho wakirudi, madumu mkononi. Kassimu alikuwa mbele. Aliona mkondo, akaweka dumu chini. Halikukaa sawa, likaanguka, maji yakamwagika, hakuliinua.

Mkondo ulikuwa umejaa. Si kujaa kwa madimbwi. Maji yalikuwa yanatembea, mapana, ya rangi ya udongo wa mtoni yaliyochanganyika na chumvi, na mapovu yake yalikuwa yanakwenda upande wa ndani. Ng'ambo, fungu lilikuwa limepungua nusu. Gari lilisimama kwenye mchanga uliobaki, mapazia yamefungwa. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yakimaliza kazi yake pale hufika madirishani.

"Kumi na sita," alisema Kassimu. "Mungu wangu. Ni kumi na sita."

Palepale ilimwingia. Hesabu ya maji waliiweka watu waliokuwa wanatazama mwezi wa hapahapa kwa macho yao, na yeye siku hiyo alikuwa ameilisha tarehe iliyotoka mbali, ikapita angani, ikatua kwenye kisahani. Dakika hamsini. Alikuwa amekosea dakika hamsini, na mle ndani ya gari mtu alikuwa anaongea na nchi tatu.

Alipiga kelele mpaka koo likachubuka. Upepo ulikuwa unatoka baharini, ukairudisha sauti yake porini. Akatoa simu. Ilikuwa imeshika mnara wa Msumbiji, inamkaribisha nchi ya watu, na kila alipopiga ilijibu kwa Kireno.

"Mtandao wa gari unafika wapi?" aliuliza Halima.

"Hatua thelathini. Arobaini, labda."

Wote wawili waliangalia hatua arobaini kutoka kwenye gari ziliishia wapi. Ziliishia katikati ya mkondo.

"Mimi ninaogelea," alisema Halima, "lakini nikifika nitamvushaje? Mtumbwi ndio utakaomtoa. Mohamedi, yule mvuvi wa kaa, yuko pale kwenye mikoko, ananijua, ninamkimbilia. Wewe ingia na simu. Yangu haina huo mtandao."

"Mama Safina, mimi siwezi."

"Najua," alisema Halima, akakunja kanga kiunoni na kukimbia.

Kassimu aliingia. Nisimpambe, hakuingia kishujaa. Aliingia analia kwa sauti, simu ameinyanyua juu ya kichwa, anasoma kila dua aliyoikumbuka na nyingine akizichanganya. Maji yalimshika magoti, yakamshika mapaja. Yalikuwa ya uvuguvugu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa sababu siku ile ya Ayubu pia yalikuwa ya uvuguvugu. Mchanga chini ya nyayo zake ulikuwa unaondoka kidogokidogo. Kitovu. Kifua. Alisikia kabisa ule mkono wa kaka yake ukimtoka mkononi, miaka thelathini na saba baadaye, akageuza uso kurudi nchi kavu. Akasimama hivyo, mgongo umeelekea gari, kwa muda ambao hataki kuulizwa ulikuwa mrefu kiasi gani.

Kisha akageuka tena, akapiga hatua mbili, na simu ikadaka.

Akapiga. Ikaita. Ikakatwa. Ujumbe ukaingia: Niko kikaoni.

Akapiga tena. Ikakatwa tena.

Maji yalimfika makwapani. Akabonyeza kurekodi, akasema kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake: "Dada Raheli, nilikudanganya. Maji yamegeuka. Fungua mlango. Usichukue kitu, fungua mlango tu, panda paani. Maji yamegeuka, maji yamegeuka."

Aliendelea kulisema hilo hata baada ya ujumbe kuondoka.

Mlango ulifunguka. Raheli alitokea na hedifoni shingoni, simu mkononi, uso bado wa kikaoni, akashusha mguu kutafuta mchanga, mguu ukaingia majini hadi kwenye goti. Ukelele wake ulifika. Kassimu alimuonyesha ngazi kwa mkono, akamuona anapanda, mara anateleza, anapanda, anafika juu, anakumbatia kile kisahani kwa mikono miwili. Hapo mchanga ukamtoka Kassimu miguuni moja kwa moja na maji yakamfunika.

Mohamedi alimvuta kwa ukosi wa shati. Halima alikuwa mbele ya mtumbwi na upondo, anasukuma. Walimlaza Kassimu chini kama mzigo wa kaa, wakaenda kumtoa Raheli paani. Alishuka, simu bado mkononi. Kwenye simu hiyo watu ishirini na kitu, wa nchi tatu, walikuwa wanaita kwa zamu, "Raheli, upo? Raheli, kuna nini?" Walikuwa wameona kila kitu, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kunyoosha mkono.

Saa tisa walikuwa wamekaa kwenye mchanga chini ya mivinje, wote wanne, wanatazama gari la Felista likizama taratibu. Maji yalifika kwenye vitasa, yakafika madirishani. Juu ya paa kisahani kilibaki kikavu, kinaendelea na kazi yake.

Mohamedi, ambaye amekaa na maji yale maisha yake yote, alikuwa na hasira. "Nani aliwaambia muegeshe pale? Siku za bamvua hizi?"

Raheli alijifuta pua. "Ni mimi. Nilitaka mtandao. Nilimsumbua mwenyewe."

Ilikuwa njia ya kutokea, imefunguliwa kwa huruma. Kassimu angeweza kunyamaza tu. Aliwahi kunyamaza hivyo, sebuleni Mikindani, wazee wakisema ni kudra na mama yake akimpapasa kichwa.

"Hapana," alisema. "Ni mimi. Nilimwambia maji bado."

"Ni tarehe tu, Baba Safina," alisema Halima. "Siku moja tu. Mtu yeyote—"

"Nilimwambia bado," alisema Kassimu tena, na Halima akaona kwamba mumewe hatazami gari wala Raheli. Alikuwa anatazama mapovu yanavyoingia. "Aliniuliza mara tatu, Halima. Alikuwa ameinama, haoni. Aliniuliza mara tatu, na mimi nilikuwa nachezea kaa."

Raheli hakuelewa. Mohamedi hakuelewa. Halima akafungua kanga yake iliyolowa, akamfunika mumewe mabegani, akaushika mkono wake.

"Ayubu?" aliuliza.

Kassimu akaitikia kwa kichwa.