Darasa la Beseni

Watoto wa miaka mitano hawajui kunyamaza, na mwalimu wao alimshukuru Mungu kwa hilo. Yeye mwenyewe alisomeshwa kwa fimbo na viitikio: mwalimu anasema, nyinyi mnarudia, na anayeuliza swali anaonekana mjeuri. Alitoka huko na cheti kizuri na kichwa kilichojaa majibu ya maswali ambayo hakuwahi kuyauliza. Alipopewa darasa la chekechea akaapa kwamba kwake hakuna kukariri. Akaleta beseni kutoka nyumbani, akalijaza maji, na kila asubuhi akawa anainua kitu na kuwauliza watoto: kitazama au kitaelea?

Dada yake alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Umesoma miaka yote hiyo uje kufua bila nguo?" Jina la Mwalimu Beseni likamganda, wala hakujali, maana watoto wake walikuwa wanapatia. Sindano ni ndogo, lakini walisema itazama. Mshumaa ni mnene, lakini walisema utaelea. Siku alipowaletea chungwa lenye ganda na jingine lililomenywa, walipatia yote mawili, la kwanza litaelea na la pili litazama, bila hata kufikiri. Hapo ndipo angepaswa kushtuka. Yeye akavimba kichwa.

Wazazi waliona nguo zilizolowa tu. Mwenye shule, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwita ofisini.

"Mwalimu, mimi nakuelewa. Lakini wazazi hawanipi pumzi. Watoto wa shule jirani wanahesabu mpaka mia kwa wimbo, wetu wanacheza maji. Ijumaa nawaita waje wajionee. Wakiridhika, endelea. Wasiporidhika, beseni lirudi kwako, na sisi tuimbe kama wenzetu."

"Wataridhika," alisema mwalimu. "Tena maswali uliza wewe. Mimi nitasimama nyuma kabisa, mtu asije akasema nimewadokeza."

Alijichimbia kaburi huku anatabasamu.

Ijumaa wazazi walijibana kwenye viti vya watoto, magoti yakiwagusa kidevu, na waliokosa viti wakasimama nyuma pamoja na mwalimu. Mwenye shule akakunja mikono ya shati, akainua mshumaa.

"Haya, wanangu. Utazama au utaelea?"

Kisha vichwa vyote vikageuka nyuma kwa pamoja, vikimtafuta mwalimu. Baba mmoja mrefu alikuwa amemziba.

"Tazameni mbele!"

Wakageuka, wakamkazia macho mwenye shule. Maskini, alitaka wafaulu, kwa hiyo akawatabasamia kuwatia moyo.

"Utaelea!" wakapaza sauti. Wazazi wakapiga makofi.

Akainua jiwe, tabasamu lake likiwa palepale.

"Litaelea!"

Jiwe likaenda chini na kumrushia maji kifuani. Akainua sindano, bado anatabasamu, jasho likimtoka. "Itaelea!" Wazazi wakaangua kicheko. Mama mmoja hakucheka. "Mwaka mzima wamefundishwa hiki?" aliuliza, na kicheko kikakatika.

Kule nyuma mwalimu akajigusa nyusi. Mume wake humwambia kila siku kwamba hawezi kuficha siri, kwa sababu nyusi zake humsaliti kabla hajafungua mdomo. Watoto hawakuwahi kulitazama jiwe wala sindano. Walimtazama yeye: uso ukichangamka, kitaelea; ukikunjamana, kitazama. Alikuwa amewakaririsha mwaka mzima kama alivyokaririshwa, ila kitabu kilikuwa uso wake. Aliona aibu, na chini ya aibu hiyo alikata tamaa kabisa, kwa sababu hakuwa na wa kumlaumu.

Wazazi walipotoka, mwenye shule alimgusa bega. "Jumatatu tuanze wimbo, mwalimu," alisema kwa upole. Afadhali angefoka.

Watoto walikuwa bado wamekaa, wakingoja kengele ya kurudi nyumbani. Mwalimu akachukua kipande cha sabuni ya kunawia, akakiweka ukingoni mwa beseni, kisha akawapa mgongo na kuutazama ubao mtupu. Hata yeye hakujua kitafanya nini.

"Kitazama au kitaelea?"

Viti vililia, mtu akakohoa, mmoja akaanza kulia kwa woga. Mwalimu alishika ukingo wa ubao ili asigeuke kumbembeleza.

"Mwalimu," ilisema sauti ndogo ya msichana, "mimi sijui."

Hakuna mtoto aliyewahi kusema hivyo katika darasa lake.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza mwalimu.

"Mi' nakitia. Tuone."

Akasikia hatua, kisha maji, kisha watoto wote wakikimbilia beseni na kusukumana, wakibishana kwa mara ya kwanza. Kengele ikalia na hakuna aliyeisikia. Yeye alibaki ameukabili ubao, machozi yakimtiririka, akiogopa kugeuka wasije wakaacha kutazama maji na kumtazama yeye.