Waliomchukua Baba yake Siamak

Eufrasia alitoka Bukoba kwenda London kusomea uhasibu, akaolewa huko na Siamak, Muirani aliyeletwa Uingereza akiwa mtoto. Miaka yote ya ndoa Kiajemi chake kilikuwa cha jikoni: njoo ule, chumvi imezidi, mikono yako isiumie, yaani asante. Mama mkwe wake, Bi Mahin, aliishi nao Stratford, mashariki mwa London, na kwa kuwa Kiingereza hakikumpanda hata kidogo, walielewana kwa maneno hayo machache na kicheko kingi.

Aliposhika mimba hakutaka mwanawe amkute mgeni katika lugha ya nyumba yake mwenyewe. Akajiandikisha darasa la juu, la Jumamosi. Mwalimu alifundisha lugha kwa historia ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979: magazeti ya wakati ule, maandishi ya ukutani, kumbukumbu za watu wa kawaida. Siku moja aliandika ubaoni neno moja tu, *bordandesh*, yaani walimchukua. Akaeleza kwamba baada ya mapinduzi neno hilo lilijaa vinywani mwa watu, wala hakuna aliyethubutu kutaja waliochukua. Mwanafunzi wa ngazi yenu, akasema, haishii kutafsiri. Anauliza ni akina nani.

 Eufrasia alilijua neno hilo. Kila baba yake Siamak alipotajwa nyumbani, ndilo lililosemwa: walimchukua, hakurudi.

Jumatatu, wakichambua giligilani mezani, wawili peke yao, akalitoa kwa Kiajemi chake kipya: "Mama, waliomchukua walikuwa akina nani?"

Bi Mahin hakuinua uso. Alimaliza fungu lililokuwa mkononi. "Walikuja watatu, watu wa kamati ya mapinduzi," akasema. "Wawili siwajui. Wa tatu ni Hormoz."

Hormoz alikuwa kaka yake Bi Mahin. Ndiye mjomba aliyewatoa Iran, mama na mtoto, ambaye Siamak alimpigia simu kila Ijumaa akimwita baba. Na mtoto wa kiume aliyekuwa tumboni mwa Eufrasia, walishakubaliana ataitwa Hormoz.

Bi Mahin alieleza polepole kwamba alibaki na kitoto kichanga na hana pa kwenda, akahitaji kaka, hata kaka wa namna ile. Kisha mtoto akampenda mjomba wake, na ukweli ukakosa pa kuingilia. Eufrasia akauliza mbona basi amemwambia yeye.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," akajibu.

Eufrasia hakujua kama amweleze mumewe. Rafiki yake Haika alimwonya kwa simu kwamba mambo ya ukoo wa watu hayachokonolewi, lawama zote zitamwangukia yeye. Eufrasia akamtii. Lakini kila Siamak alipoweka kiganja tumboni na kumwita mtoto Hormoz, alijisogeza kando, hadi asubuhi moja wote watatu wakinywa chai akasema kwa Kiajemi kwamba jina hilo halitaki. Siamak aliuliza sababu, hakupewa. Akasema kama kinachomkera ni jina la Kiajemi, aseme wazi. Maneno hayo yalimchoma Eufrasia.

Bi Mahin ndiye aliyeweka kikombe chini. "Usimgombeze mkeo. Mimi ndiye nisiyelitaka." Akamwambia mwanawe yote, kwa sentensi fupi fupi. Eufrasia alielewa kila neno, akatamani asingeelewa.

Siamak alichukua koti akatoka, akarudi jioni bila kusema alikokuwa. Ijumaa ilipofika hakupiga simu. Mkewe hakumlaumu. Lakini tangu siku ile hasemi Kiajemi na mama yake. Anamsemesha Kiingereza, na majibu, ingawa anayaelewa vizuri, huyangoja mpaka Eufrasia ayatafsiri. Mezani mjamzito huyo hukaa katikati, akipokea neno kwa huyu na kulipeleka kwa yule, na chakula kinapoa.

Wiki iliyopita Siamak alisema, macho kwenye sahani, "Muulize kama baba aliogopa."

Eufrasia akauliza. Bi Mahin alimtazama mwanawe, si mkalimani. "Aliwaomba wasikuamshe," akasema.

Eufrasia alianza kutafsiri. Siamak alikuwa ameshafunika uso kwa mikono. Mama yake hakumgusa. Aliinuka, akakusanya sahani, akafungua maji.