Safari za Ulaya za Bi Enid

Kazi ina heshima gani ikiwa mshahara wake ni wa kusema uongo?

Namuuliza kila anayewacheka waandishi wa habari za matajiri. Nami nilicheka, nilipotoka chuoni nikapewa meza jirani na Enid Kessler, katika gazeti letu hapa Filadelfia. Mama yake alikuwa dobi wa familia kubwa. Yeye akaja kuandika safu ya familia hizohizo: nani kamchumbia nani, nani kavaa nini. Mhariri hakuisoma. Ilikwenda moja kwa moja kwa wapanga chapa, maana nani angeogopa habari za keki na shela?

Lakini safu ile ilikuwa na kazi nyingine. Binti wa watu akipata mimba, au akipenda asiyestahili, mama yake alipiga simu na Enid akaandika: "Amekwenda Ulaya kupumzika." Mji ulielewa, ukanyamaza.

Alhamisi moja mchana Bi Lavinia Thornbury akaja mwenyewe. Binti yake, Rosamund, alikuwa anaolewa kesho yake mahakamani na Sal Brusco, mtoto wa muuza jibini.

"Enid, mpenzi, andika kwamba Rosamund yuko Ulaya. Baba yake nimeshamwambia hivyo."

"Hata baba yake hajui?"

"Ana ugonjwa wa moyo. Unataka kumuua?"

Enid akavua miwani. "Mama, wasichana niliowapeleka Ulaya wangejaza meli, na hakuna hata mmoja aliyevuka mto. Rosamund alikuja hapa jana. Analia kwa kuwa hana wa kumshika mkono kumfikisha kwa bwana harusi."

"Umesahau mama yako alivyofua mashuka yangu?"

"Sijasahau. Ndiyo maana najua yalivyokuwa machafu."

Nikaangua kicheko. Bi Thornbury hata hakunitazama.

"Mwenye gazeti anakula kwangu Jumapili. Jumatatu huna kazi."

"Basi mpikie vizuri."

Alipoondoka, nilimsogelea Enid.

"Bi Enid, utakula nini?"

"Wewe kijana si ndiye unayetuhubiria haki hapa kila siku? Leo imekuja, unauliza chakula! Niazime penseli."

Akaandika: "Rosamund Thornbury anaolewa leo saa nne asubuhi mahakamani, na Salvatore Brusco. Hayuko Ulaya." Akaipeleka kwa wapanga chapa kwa mkono wake.

Wakubwa wa gazeti hawakusubiri Jumatatu. Asubuhi nilikuta meza yake tupu, nikakimbilia mahakamani. Enid alikuwa ngazini, amemshikia Rosamund maua. Teksi ikasimama. Akashuka Mzee Thornbury, bila kofia, ndara za nyumbani miguuni, gazeti letu kwapani. Akapanda zile ngazi polepole, akihema, hadi mbele ya binti yake, akamnyooshea mkono.