Kidonda cha mwanangu kiligoma kupona, kumbe mimi baba ndiye chanzo

Wakuu, habari za muda huu. Haya sijasimuliwa, yamenikuta mwenyewe, na aibu yake naibeba mwenyewe.

Miaka ya tisini, biashara zilipofunguliwa, pale Majengo Dodoma maduka ya dawa yaliota kila kona. Mimi nilikuwa nauza mtama na karanga sokoni hapo hapo.

Binti yangu Neema, miaka sita, alivimba uso na miguu. Hospitali wakasema ni figo, wakampa vidonge vidogo vyeupe. Uvimbe ukaisha, mashavu yakajaa.

Majirani zetu wa Chang'ombe, hapo hapo Dodoma, wakanisifu: "Baba Neema, mtoto kanawiri!"

Hapo ndipo nilipoharibu.

Daktari alitaka dozi ipunguzwe kidogo kidogo. Nikaona huyu anataka kunikondeshea mtoto. Nikaacha kliniki, nikawa nanunua dukani dozi ile ile ya mwanzo, miezi na miezi. Cheti cha daktari haulizwi mtu. Mke wangu akiuliza, namwambia ni maagizo ya hospitali.

Kikatoka kidonda kooni. Maji ya chumvi, wapi. Dawa ya zambarau, wapi. Kikazidi kuchimba, Neema akakataa hata uji. Wakuu, niliogopa.

Mama yangu mzazi akaja kutoka kijijini Kibakwe. Akamfunua mdomo mara moja tu.

"Kimeo hiki, mwanangu. Fundi nimeshaongea naye, akikate."

(Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Huku kwetu mtoto akikohoa siku tatu, watu wanatafuta wembe.)

Mama namheshimu sana, ila siku ile nilikaza. "Nisamehe mama. Koo la huyu mtoto haliguswi na fundi."

Akasusa chakula. Nikambeba Neema mgongoni, moja kwa moja hospitali. Mama na mke wangu wakafuata nyuma.

Tukampata daktari mmoja mwanamke, mkali kweli. Akakata kipande kidogo cha kidonda, kikapelekwa Dar, akihofia saratani. Tulisubiri majibu wiki kadhaa, Neema amelazwa, na mimi sikukosa kufika hata siku moja.

Majibu: si saratani. Ni kidonda cha nadra cha virusi ambavyo wengi wetu tunavyo mwilini, vimelala. Kinga ikishuka sana, vinaamka.

"UKIMWI hana," daktari akasema. "Sasa kinga imeshushwa na nini? Baba, anatumia dawa gani nyumbani?"

Mke wangu kakaa kulia kwangu, mama kushoto. Ningeweza kudanganya tena. Nikatoa kichupa mfukoni.

"Hizi. Nampa mimi."

Hakunitukana. Alisema vidonge hivi vikitumika muda mrefu vinashusha kinga, hata yale mashavu ni dawa, si afya, na kukatisha ghafla nako ni hatari, akazipunguza wiki kwa wiki mbele ya macho yake. Kidonda kikaanza kuziba. Siku Neema alipokula ugali na mlenda, nilitoka nje nikalia.

Njiani kurudi nyumbani ndipo mke wangu akafungua mdomo:

"Mama yako alitaka kumkata mwanangu kwa kutojua. Wewe uliambiwa."

Alisema kweli.

Wakuu, dawa ya kushusha kinga usiiendeleze wala kuikatisha kwa akili yako. Na ukiwa umekosea, sema mapema, mtoto hana muda wa kungoja aibu yako iishe.

Aliyewahi kuuguza mtoto wa hivi aseme hapa. Wa kunisema naye aje, nitasoma yote.